Shamba na Mifugo: Hori ya Kulishia kwa Vitu Vilivyotupwa



Jioni moja ya mwezi wa Septemba, mwaka 2022, nilishuka Sultan Hamud kutoka kazini, nikashika njia ya Kasikeu kwenda nyumbani kwa mapumziko ya mwisho wa juma. Kabla sijafika nilimkuta mama yangu njiani, ameinama chini ya mzigo wa mabua ya mahindi, kamba imembana kipaji cha uso kama ilivyo desturi ya wanawake wa Ukambani. Mabua hayo yalikuwa ya mahindi yaliyokauka kabla ya kuzaa, naye aliyatoa kwa jirani aliye mbali mwendo wa saa nzima. Nikampokea mzigo, tukaenda pamoja.

Tulipofika zizini mama alifungua kamba, akayamwaga mabua chini mbele ya ng'ombe wetu wawili. Wale ng'ombe wakala kwa pupa yaliyokuwa juu. Kisha wakaanza kuyavuta huku na huku, wakayakanyaga, wakayakojolea. Asubuhi nilipokwenda kuwatazama niliona karibu theluthi ya mzigo imelala chini, imechanganyika na samadi, haifai kitu. Na wale ng'ombe walinitazama kwa njaa, hali wamesimama juu ya chakula.

Nikamwambia mama, "Mama, tazama jinsi mzigo wako ulivyoharibika." Naye akajibu bila kugeuka, "Mwanangu, mimi kazi yangu ni kubeba. Kukanyaga ni kazi yao."

Neno hilo lilinichoma. Mimi ni karani. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika vitu vilivyoingia na vitu vilivyotoka, na kutafuta vilikokwenda vile visivyoonekana. Na hapa nyumbani kwetu, theluthi ya chakula ilikuwa ikitoweka kila usiku wala hapana aliyeiandika. Ndiyo sababu juma hili nataka kuwaeleza juu ya hori, yaani chombo cha kulishia wanyama, na jinsi mtu wa shamba dogo awezavyo kujiundia hori kwa vitu vilivyokwisha kutupwa na wengine.

Hesabu ya karani

Kwanza tufanye hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hivi hula kadiri ya kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Ng'ombe wawili watakula kilo 12. Kiangazi chetu, kile ambacho Wakamba hukiita thano, kikidumu siku 90 tu, wale wawili watataka kilo 1,080.

Lakini ikiwa theluthi ya kila mzigo hukanyagwa, basi ili wale kilo 1,080 sharti wapewe kilo 1,620. Zile kilo 540 za katikati hazinenepeshi ng'ombe wala hazitoi maziwa. Ukizigawanya kwa mizigo ya kilo 20, utapata mizigo 27. Mizigo 27 imebebwa mgongoni kupandisha vilima, nayo imebebwa ili ikanyagwe. Kila mmoja wetu na amtazame mama yake, au mkewe, au mtoto wake arudiye shuleni jioni, kisha ajiulize ni nani aliyeibeba.

Si kupungukiwa kwa mgongo tu. Chakula kilicholala juu ya samadi hubeba mayai na vijidudu vya minyoo, na mnyama akilacho hapo hujirudishia ugonjwa tumboni mwake. Mbuzi hasa ni mnyama mwenye kuchagua. Jani likikanyagwa mara moja hulinusa na kuligeuzia kichwa, ila njaa imshinde. Basi asiye na hori hupoteza mara mbili: hupoteza chakula, na baadaye hupoteza fedha kwa dawa ya minyoo.

Jambo la kale katika nchi yetu

Shida ya malisho si ngeni Ukambani. Mwaka 1938 Serikali ya wakati ule iliona kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi kwa ardhi iliyokuwapo, ikaamuru wapunguzwe kwa nguvu, na wengi wakauzwa kwa bei hafifu. Watu hawakukubali. Maelfu yao walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadha wakitaka kusikizwa na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha Serikali iliacha kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Hata leo iko barabara Nairobi yenye jina lake.

Siku zile shauri lilikuwa juu ya idadi ya ng'ombe. Ni shauri kubwa, na watu wenye hekima wameshindana juu yake tangu hapo. Lakini liko swali dogo ambalo kila mtu aweza kulijibu zizini mwake bila kungoja amri ya mtu: je, kile kidogo tulicho nacho kinafika tumboni mwa mnyama?

Tena ukame haukuisha. Wazee wetu huikumbuka njaa ya miaka ya 1980 waliyoipa jina la Nikw'a Ngwete, maana yake "nafa hali nimeshika," kwa kuwa mtu aliweza kuwa na fedha mkononi asipate chakula cha kununua. Na juzi juzi, tangu vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya mwaka 2022, mvua ilikosa majira matano mfululizo katika sehemu nyingi za mashariki na kaskazini mwa Kenya. Wakati huo hata mwenye fedha alitafuta majani makavu asiyaone. Siku kama hizo mzigo mmoja uliookolewa hauna bei.

Vitu vipatikanavyo

Sisi wa Kasikeu tuna bahati moja ambayo wengi hawana: tu karibu na barabara kuu ya Mombasa na njia ya reli. Mji wa Sultan Hamud wenyewe ulipata jina kwa Sultani Hamud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala tangu 1896 hadi 1902, wakati reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikijengwa. Tangu siku hizo kila kipitacho kwenda bara hupita hapo, na kila kipitacho huacha takataka zake. Ukitembea nyuma ya maduka na karakana za mafundi wa jua kali, Sultan Hamud au Emali, utaona mapipa, matairi, mabati yaliyotoboka, mitungi ya plastiki, na yale majukwaa ya mbao ambayo hupakiwa juu yake magunia ya saruji na mizigo mingine. Baadhi hutolewa bure. Mengine huuzwa kwa bei ya kupatana.

Lakini kabla hujatia mkono mfukoni, uliza neno moja: kitu hiki kilibeba nini? Swali hilo ndilo mwanzo wa kazi yote.

Pipa lililobeba mafuta ya kupikia au sharubati lafaa. Pipa lililobeba dawa ya kuulia wadudu, dawa ya kuogeshea ng'ombe, tindikali, rangi, au dawa ya kupaka miti halifai kabisa, hata ukiliosha mara saba. Mbao zenye rangi ya zamani nazo ziache, maana baadhi ya rangi hizo zina risasi, na ndama hupenda kulamba. Betri ya gari iliyokufa isikae hata karibu na zizi, kwa kuwa ng'ombe huilamba, na risasi iliyomo huua. Wala usipake oili chafu ya gari penye kufikiwa na ulimi wa mnyama, ingawa wengi huitumia kufukuza mchwa.

Majukwaa ya mbao yaliyotoka nchi za ng'ambo huwa na mhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona herufi HT, jua kwamba mbao zile zilitiwa joto kuua wadudu, nazo ni salama. Ukiona herufi MB, jua kwamba zilifukizwa dawa ya sumu. Ziache hapo hapo ulipozikuta.

Hori ya pipa

Pipa la chuma la lita 200 lina urefu wa sentimita 88 hivi, na upana wa sentimita 58 hivi. Likipasuliwa kwa urefu wake hutoa hori mbili, kila moja yenye kina cha karibu sentimita 29. Ng'ombe mzima hutaka nafasi ya sentimita 60 hadi 75 ili ale bila kusukumwa. Kwa hiyo nusu ya pipa yamtosha ng'ombe mmoja. Mbuzi mzima hutaka sentimita 30 hadi 40. Kwa hiyo nusu hiyo hiyo, ikiwekwa mahali ambapo mbuzi waweza kuifikia pande zote mbili, yawatosha mbuzi wanne.

Sasa sikilizeni onyo. Pipa lililowahi kuwa na petroli, dizeli au mafuta ya taa hubaki na mvuke ndani yake muda mrefu baada ya kumwagwa. Cheche moja ya mashine ya kukatia au ya kuchomelea yatosha kulilipua na kumwua fundi. Pipa la namna hiyo afadhali uliache. Na hata lile la mafuta ya kupikia lisafishwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kisha likatwe na fundi aliyezoea, si na kijana wa kujaribu. Pipa la plastiki ndilo rahisi zaidi, maana hukatwa kwa msumeno wa mkono bila moto wowote.

Likiisha kupasuliwa, kingo zake ni kali kama wembe. Zikunjwe kwa nyundo kuelekea nje, au zivikwe mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu na kufungwa vizuri. Toboa matundu machache madogo chini ili maji ya mvua yasituame na kuozesha chakula. Kisha weka hori juu ya miguu ya mti. Huku kwetu hapana mti wa kushinda mukau, ambao mchwa hawauwezi. Matawi yake manene yanayopogolewa yatosha kwa kazi hii. Kwa ng'ombe, ukingo wa mbele uwe sentimita 50 hadi 60 kutoka chini, na hori ifungwe imara, kwa kuwa ng'ombe mwenye kichwa kizito ataigeuza juu chini usiku wa kwanza.

Mwisho, pigilia ufito mmoja imara juu ya hori, kwa urefu wake wote, ili ng'ombe aweze kuingiza kichwa lakini asiweze kuingiza mguu. Hori bila ufito ni kitanda cha ndama na mahali pa mbuzi kusimama. Chakula chako kitakanyagwa humo ndani kama kilivyokanyagwa chini.

Hori ya mbuzi

Mbuzi hapendi kula akiwa ameinama. Porini huinua kichwa akachuma majani ya miti, na zizini pia hufurahi akiwekewa chakula mbele ya uso wake. Kwa hiyo mfanyie susu ya mbao, mfano wa ngazi iliyoegemezwa ukutani, majani yakatiwa nyuma yake naye akayavuta kupitia nafasi zilizopo.

Mbao za yale majukwaa ya mizigo zafaa sana kwa kazi hii. Zibandue polepole, na kila msumari uutoe na kuutia katika kopo. Nitaeleza sababu yake hivi punde. Zipigilie wima, zikiachana sentimita 5 au 6. Usiache nafasi kubwa zaidi kwa kufikiri kwamba unawafanyia hisani, maana kitoto cha mbuzi kitaingiza kichwa kishindwe kukitoa, na mwenye pembe atanaswa ajinyonge usiku. Sehemu ya chini ya susu iwe sawa na kifua cha mbuzi. Ikiwa juu mno, vumbi na makapi yatawaangukia machoni.

Chini ya susu weka kihori cha kukinga, cha bati kuukuu lililokunjwa kingo au cha nusu ya mtungi wa plastiki. Humo yataanguka majani madogo ya mbaazi na kunde na maganda ya migunga, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko vijiti vyake. Mtu asiyeweka kihori hicho huwapa mbuzi wake vijiti, na ardhi huipa chakula.

Na kuku wasisahauliwe. Bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, au mtungi uliokatwa ubavu, huwafaa vizuri. Ukingo wake uwe sawa na mgongo wa kuku, na juu yake upite mti mwembamba wenye kuzunguka, ili kuku akitua juu yake ateleze aondoke. Jaza theluthi moja tu ya kina. Kuku aliyejaziwa hori mpaka ukingoni hulima kwa mdomo na kumwaga nje, na mwenye hasara ni wewe.

Kosa langu

Sasa sharti niungame. Hori za pipa nilizowaundia ng'ombe wa mama zilisifiwa sana na jirani, na baba yangu mdogo aliziona akanijia. Akaniambia, "Mwanangu, nami nataka kama hizi kwa mtamba wangu." Pipa sikuwa nalo tena. Palikuwa na tairi kuukuu la lori, nikalikata kwa kisu na msumeno, nikaligeuza nje ndani likawa kama karai kubwa. Ilikuwa Jumapili jioni, na gari la kunirudisha kazini lilikuwa likingojewa. Nilikata kwa haraka, nikaliweka mbele ya mtamba, nikaenda zangu.

Matairi mengi ya siku hizi yana nyaya nyembamba za chuma ndani ya mpira. Mahali nilipokata, nyaya hizo zilitokeza kama manyoya ya msasa. Nami sikuzipapasa.

Miezi miwili baadaye nilipigiwa simu. Mtamba alikuwa amekataa kula. Alisimama mgongo umejikunja, viwiko vya mbele vimepanuka, akiguna kila alipoteremka mahali penye mteremko. Bwana Mifugo aliitwa akaja, akampima, akatikisa kichwa. Siku ya tatu mtamba alikufa. Alipopasuliwa, ilionekana waya mwembamba, urefu wake kama kidole, umetoboa tumbo na kuelekea moyoni.

Bwana Mifugo akanieleza jambo ambalo kila mfugaji yampasa alijue. Ng'ombe hachagui kama mbuzi. Huzoa chakula kwa ulimi, akakimeza karibu bila kutafuna, akitumaini kukicheua baadaye. Waya au msumari ukiwamo humezwa pamoja, nao huanguka katika tumbo la pili, lile lenye vijumba kama sega la nyuki. Tumbo hilo limekaa karibu sana na moyo, limetengwa nao kwa kiwambo tu. Kila likijikunja husukuma waya mbele. Ndiyo sababu nikasema kila msumari utiwe katika kopo.

Nilikwenda kwa baba mdogo nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunikaripia. Alisema tu, "Haraka yako ulipanda nayo gari, mwanangu, lakini mzigo wake uliuacha hapa kwangu." Ng'ombe wetu alipozaa na ndama kuachishwa ziwa, nilimpeleka ndama huyo kwake. Akampokea. Hata hivyo, najua ndama hakuwa mtamba aliyekaribia kupandwa.

Nimeandika haya waziwazi kwa sababu kitu kilichotupwa hakikosi sababu ya kutupwa. Mwenye kukiokota sharti achukue zamu ya yule aliyekitengeneza, akichunguze upya. Hori ya vitu vikuukuu si hori ya ovyo. Yataka uangalifu kushinda hori ya dukani, maana ile ya dukani imekwisha kuchunguzwa na mwingine.

Mambo ya kushika

Basi haya ndiyo nifanyayo sasa, nami nawasihi mfanye vivyo hivyo.

Kwanza, hori ikiisha, ipapase yote kwa mkono uliovikwa kitambaa, ndani na nje. Kitambaa kikinasa mahali, ulimi nao utanasa. Rudi kwa nyundo na msasa mpaka kitambaa kipite bila kushikwa.

Pili, tafuta sumaku. Spika ya redio iliyokufa ina sumaku nzuri nyuma yake. Ifunge kwenye fimbo, uipitishe chini pote ulipofanyia kazi, na ndani ya hori pia, kabla hujatia chakula. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nyumbani nilipata misumari minne na vipande vya waya nisivyovijua vilikotoka.

Tatu, tairi usilikate uligeuze kuwa hori ya ng'ombe. Ukitaka kulitumia, lilaze zima bila kulikata, uweke ndani yake beseni la chumvi ya kulamba, lisipinduke. Nalo likianza kuchakaa na waya kuonekana, liondoe zizini siku ile ile.

Nne, hori iwe chini ya kivuli na paa dogo la mabati, mahali palipoinuka kidogo ambapo maji hayatuami. Ifagiliwe kila asubuhi kabla ya chakula kipya. Makombo ya jana yakioza chini ya chakula cha leo, mnyama ataviacha vyote viwili.

Tano, katakata mabua vipande vifupi, kwa mashine ukiipata au kwa panga juu ya gogo. Bua zima huvutwa nje ya hori hata ikiwa njema namna gani; lililokatwa hubaki ndani likaliwa hadi mwisho.

Na sita, mnyama akikataa kula ghafula, maziwa yakapungua kwa siku moja, na mgongo ukajikunja, usimpe dawa ya kubahatisha. Mwite Bwana Mifugo mapema. Akija kwa wakati aweza kumtia ng'ombe sumaku tumboni ikaukamata waya kabla haujafika mbali. Sisi tulichelewa.

Neno la mwisho

Ndugu makarani wenzangu, ninyi mpitao kila juma mjini na kurudi shambani, yatazameni yaliyolala nyuma ya maduka kwa jicho jingine. Na ninyi wakulima mliokaa nyumbani, msingoje kiangazi ndipo mwanze kutafuta mapipa. Ziundeni hori wakati wa mvua, wakati majani yangali mengi na mikono ina nafasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kiangazi si wakati wa kujenga.

Nami nina ushahidi mdogo wa kuwaachia. Tangu hori zile za pipa ziwekwe zizini, sijaona tena chakula kimelala chini ya kwato. Ng'ombe ni wale wale wawili, mama ni yule yule, wala njia ya vilima haikufupishwa. Ila sasa, kiangazi kikiingia, hubeba mzigo siku mbili, na siku ya tatu hukaa kivulini akichambua mbaazi zake. Nilipomwuliza kama mgongo umepata nafuu, alinijibu, "Waulize ng'ombe. Wao ndio walioacha kazi ya kukanyaga."

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuyahifadhi mabua na nyasi kavu darini yasiharibiwe na mvua wala mchwa. Hadi hapo, kila mmoja na aende zizini asubuhi, akatazame chini kabla ya kutazama ng'ombe.

Wasalaam,
Karani wa Kasikeu